Mashahidi wa Transfa

Dereva wa Land Cruiser yenye leva huijua transfa kwa kiganja. Akiivuta kutoka H2, magurudumu mawili yakisukuma, kwenda H4, yote manne, anasikia chuma kikiingia mahali pake. Akithubutu kuisukuma L4, yote manne kwa gia nzito, gari likiwa bado linatambaa, meno yanakwaruzana, na mlio ule unamtia adabu pale pale. Baina ya mkono wake na gia hakuna wa tatu. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya madereva wa watalii hapa Arusha waipende mno Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lililotoka mwaka 1984 na ambalo hadi leo limebaki na leva yake sakafuni.

Kwenye pikapu nyingi za siku hizi leva imeondoka. Hilux iliyotoka mwaka 2015 ina swichi ya kuzungusha kwenye dashibodi, na zipo nyingine za namna hiyo, za Kijapani na za Kimarekani. Unageuza swichi, taa inapepesa, mota ndogo iliyofungwa kwenye transfa inazunguka kidogo, taa inatulia. Gari likiwa zima, hufikirii kitu. Kufikiri kunaanza siku unapogeuza swichi, taa ikapepesa, ikaendelea kupepesa, isitulie kamwe. Kwa mafundi ninaokaa nao, siku hiyo huja aghalabu baada ya gari kubadilishwa injini na giaboksi.

Nina jambo moja la kusema kuhusu taa hiyo, nalo limenikaa moyoni muda mrefu. Transfa ya umeme inayokataa kazi baada ya mabadiliko ya namna hii, mara nyingi ni nzima. Imeombwa ifanye tendo la hatari, ikatafuta wa kuithibitishia kwamba ni salama, haikumpata. Imetulia kwa sababu inafuata sheria iliyopewa. Anayetaka kuitibu hana budi kuijua sheria hiyo kwanza, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosa subira.

Kazi ya transfa yenyewe ni ya zamani. Inapokea mzunguko kutoka giaboksi, inaugawa kwa propela ya nyuma na ya mbele, na ndani yake mna seti ya gia inayoweza kupunguza mwendo ili nguvu iongezeke, hiyo tunayoiita gia nzito. Kwenye Hilux upunguzaji huo ni mara 2.566. Mwingereza Bramah Joseph Diplock alipata hataza ya mashine ya mvuke inayosukumwa na magurudumu yake yote manne mwaka 1893. Jeep za Willys zilizotengenezwa kwa ajili ya vita mwaka 1941 zilikuwa na leva mbili za transfa kando ya leva ya gia: moja ya kuunganisha magurudumu ya mbele, nyingine ya kuingiza gia nzito. Vizazi vya madereva vilipita, na muda wote huo chuma kilisukumwa na mkono wa mtu.

Mwaka 1986 Ford waliweka vitufe kwenye Bronco II, wakauita mfumo wao Touch Drive, na mota ya umeme ikachukua nafasi ya mkono. Mwaka huo huo, mjini Detroit, kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliwaonyesha wahandisi mtandao wa CAN: nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja, ambazo kupitia kwazo kompyuta zote za gari zinaweza kupelekeana habari. Leo mambo hayo mawili yanakutana chini ya dashibodi ya pikapu iliyojaa tope, na fundi wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha anatakiwa kuyajua yote mawili wakati mwenye gari amekaa kwenye benchi anatazama saa.

Mkono huhisi, mota haihisi. Hilo ndilo tatizo wahandisi walilopaswa kulitatua. Dereva mwenye leva akikutana na meno yasiyotaka kuingia, analegeza, anangoja, anajaribu tena kwa upole. Mota ingesukuma tu mpaka kitu kivunjike. Kwa hiyo kompyuta ndogo inayoiendesha ilipewa sharti analolijua kila kadhi: isihukumu bila mashahidi. Shahidi wa kwanza ni mwendo wa gari. Wa pili, anayetakiwa kwa gia nzito, ni gia: kama ni otomatiki lazima iwe N, kama ni ya kawaida lazima klachi iwe imekanyagwa. Wa tatu amekaa ndani ya mota yenyewe, sensa inayosema mhimili wake umegeukia wapi sasa hivi. Ford za zamani ziliongeza wa nne, kanyagio la breki, na zilitaka gari liwe chini ya takriban kilomita 5 kwa saa kabla ya kukubali gia nzito. Hilux inaruhusu kutoka H2 kwenda H4 gari likiwa linakwenda, mradi mwendo usifike kilomita 100 kwa saa. Lakini kuingia L4 inataka gari lisimame kabisa.

Ukali huo una sababu. Kati ya gia nyepesi na gia nzito, ndani ya transfa, pana nafasi ambapo hakuna gia yoyote iliyoshika. Transfa ikikwama hapo, giaboksi na magurudumu hayana tena uhusiano. Unaweza kuwa umeingiza gia namba moja, unaweza kuwa umeweka P kwenye otomatiki, gari bado litaserereka kama liko frii, na kitakacholizuia ni breki peke yake. Sasa fikiria barabara ya Seneto inayoshuka ndani ya Ngorongoro, ukuta wa kreta wenye kimo cha karibu mita 600, gari lina watu, na dereva ameamua kuingiza gia nzito katikati ya mteremko. Aliyeandika sheria ya kompyuta ile alikuwa anamfikiria dereva wa namna hiyo. Mimi namshukuru.

Njoo sasa kwenye biashara ya kubadili injini. Injini na giaboksi nyingi zinazoshushwa Dar es Salaam na Mombasa zimetoka kwenye magari yaliyokatwa Japani, na nyingine zimepitia kwenye yadi za Sharjah, ambako wafanyabiashara wetu huzichagua moja moja juani. Aghalabu nyaya zake zimekatwa pale zinapoingia upande wa dereva, kwa kuwa aliyekata alikuwa anauza chuma na nyaya zilimchelewesha. Mnunuzi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi anapimiwa mgandamizo wa silinda, anachungulia oili, anasikiliza injini ikinguruma juu ya matairi chakavu. Habari za nyaya hazimo kwenye mazungumzo hayo. Injini inanunuliwa kama mtu anavyonunua uzito, na fundi wa chuma anaifunga kwa ustadi ambao mimi huutazama kwa heshima kubwa: anachonga mikono ya kuishikilia injini, anakata propela na kuiunga upya mpaka haitikisiki, anatoboa mahali pa kanyagio la klachi kwenye gari ambalo halikuwahi kuwa na klachi. Gari linawaka. Linakwenda. Watu wanapongezana. Swichi ya transfa haimjii mtu akilini mpaka mvua inyeshe.

Nimelifuatilia kwa karibu gari moja la namna hiyo, pikapu ya mzee mmoja mfugaji anayefanya shughuli zake Simanjiro. Wakati wa masika liliingia korongoni, maji yakapanda kuliko ilivyodhaniwa, injini ikameza maji na giaboksi ya otomatiki ikajaa matope. Mzee akapata injini na giaboksi kutoka kwenye pikapu ya familia ile ile, ila ya gia za kawaida, pamoja na ekseli ya nyuma. Kazi ya chuma ilifanywa vizuri. Ila swichi ya transfa ilipogeuzwa, taa ilipepesa tu. Akaambiwa mota imekufa, akanunua mota. Taa ikapepesa. Akaambiwa basi ni kompyuta ya transfa, akanunua kompyuta. Taa ikapepesa vile vile, kwa kasi ile ile.

Aliyeletwa mwisho alikuwa fundi wa umeme wa magari, msichana aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA. Mazungumzo yao nilikuwapo kuyasikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Haya, niambie niagize nini. Mota ninayo nyingine, kompyuta ninayo nyingine."

"Usiagize kitu kwanza, baba. Niambie gari lilikuwaje kabla ya kuingia maji."

Mzee akasita kidogo. "Lilikuwa otomatiki."

Binti akashukuru, akaandika kwenye daftari. Siku zote hizo hakuna aliyekuwa amemuuliza mzee, na jibu lake lilikuwa na nusu ya ugonjwa ndani yake.

Jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza, maana halikuhusu umeme hata kidogo. Aliomba gari liinuliwe, transfa ikiwa H2 na gia ikiwa frii, akazungusha magurudumu ya nyuma yote mawili pamoja mara kumi huku msaidizi akihesabu mizunguko ya propela. Kisha wakafanya vivyo hivyo kwa mbele. Difu za pikapu hizi huja na hesabu mbalimbali: 3.909, 4.100, 4.300. Ekseli ya nyuma ilitoka gari jingine. Kama ya nyuma ni 4.100 na ya mbele ni 3.909, propela ya nyuma itageuka mara 41 na ya mbele 39 na kidogo, tofauti inayokaribia asilimia 5. Kwenye H2 dereva hataijua. Siku fundi atakapofanikiwa kuwasha H4 kwenye barabara ngumu, propela mbili zilizofungwa pamoja zitataka kwenda kwa mwendo tofauti, na mnyororo au meno ndani ya transfa ndiyo yatakayolipa. Angeponya umeme akaua gari. Hesabu zikalingana. Ndipo akafungua kisanduku cha vifaa vyake.

Nilijifunza mengi kwa namna alivyotafuta ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Fundi aliyemtangulia alikuwa amepima kwa mita na kukuta volti 12 kwenye waya wa kompyuta ya transfa, akasema umeme upo. Mita haidai chochote. Uzi mmoja wa shaba uliobaki kwenye waya uliochakaa unatosha kuionyesha volti 12 kamili. Mota ya transfa inadai mkondo mkubwa. Kwa hiyo yeye alichukua balbu ya taa ya mbele, ya wati 55, akaiunganisha kati ya waya ule na ethi ya kompyuta. Balbu ikawaka rangi ya chungwa, hafifu. Halafu akaupima upande wa ethi peke yake, balbu ikiwa inawaka: waya wa urefu wa mita moja usiopaswa kupoteza hata volti 0.2 ulikuwa unapoteza zaidi ya hapo. Akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye bodi. Waliofunga giaboksi walikuwa wameihamisha ethi hiyo ili wapate nafasi, wakaikaza kwa boliti nzuri, mpya, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Akakwangua mpaka bati likang'aa, akakaza, akapaka grisi, balbu ikawa nyeupe.

Taa ya dashibodi haikujali. Iliendelea kupepesa.

Nilimtazama usoni nikitegemea kuona amevunjika moyo, sikuona. Baadaye alinieleza kwamba yeye hapimi ili apate ugonjwa, anapima ili apunguze mahali pa kuutafuta, na ethi sasa imeondoka kwenye orodha. Akatoa waya wa betri. Akaenda kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, akaweka mita yake kati ya pini namba 6 na namba 14, ambazo ndizo nyaya mbili za mtandao wa CAN. Mtandao huo, kila mwisho wake, una kizuizi cha omu 120. Vikiwa viwili kwa pamoja mita husoma 60. Yeye alisoma 120.

Omu 120 maana yake mwisho mmoja haupo. Na kwenye magari mengi kizuizi cha upande mmoja kimewekwa ndani ya kompyuta ya injini. Hapo picha yote ilinifungukia hata mimi nisiye fundi. Kompyuta ya injini ya zamani ilikuwa imetolewa pamoja na injini yake. Ile iliyokuja na injini mpya ilikuwa imeunganishwa moto, ethi, pampu na sensa za lazima, kiasi cha injini kuwaka na kukubali mafuta. Nyaya zake mbili zilizosokotwa zilikuwa nyuma ya dashibodi, zimefungwa tepu nyeusi kwa uangalifu mwingi ili zisiguse kitu. Injini ilikuwa inafanya kazi yake peke yake. Habari zake hazikufika kwa wengine, na habari za wengine hazikufika kwake. Kompyuta ya transfa ilikuwa inauliza gari linakwenda kwa kasi gani, inauliza tena na tena, hakuna anayejibu. Bila kujua mwendo, isingethubutu hata H4.

Akaziunga kwa risasi, moja moja, akavika kila kiungo mpira wake, kisha akazisokota tena kama zilivyokuwa kiwandani, kwa kuwa kusokotwa huko ndiko kunakozikinga na kelele za umeme wa gari. Mita ikasoma 60. Betri ikarudishwa, swichi ikageuzwa H4, chini ya gari pakasikika mlio mfupi wa mota, na taa ikatulia.

Mzee aliinuka kwenye benchi. "Alhamdulillahi! Sasa weka ile nzito."

Ile nzito ilikataa.

Hapa ndipo pana jambo ninalotaka msomaji akae nalo pamoja nami. Waya uliokuwa ukitoka kwenye sensa ya giaboksi ya otomatiki, ule wa kuiambia kompyuta kwamba gia iko frii, ulikuwa unaning'inia juu ya giaboksi mpya. Haukuwa na pa kwenda, maana giaboksi mpya haikuwa na sensa hiyo. Fundi mmoja wa pale gereji, mtu mwema na mzoefu, akatoa ushauri unaotolewa kila siku katika gereji zetu: "Dada, ushike ethi huo, ufunge moja kwa moja. Kompyuta itaamini gia iko frii siku zote. Kazi imekwisha." Na alikuwa sahihi kwamba taa ingetulia. Mzee angelipa na kuondoka kwa furaha jioni ile.

Huko ni kumleta shahidi wa uongo. Kompyuta imekubali kutojua mambo kwa macho yake. Imeweka maisha ya watu mikononi mwa wanaoiambia. Waya ule ukifungwa ethi daima, itaambiwa gia iko frii hata injini inapolivuta gari kwa nguvu zote. Siku moja kijana wa mzee atageuza swichi gari limesimama mlimani, gia imeingia, klachi iko juu, na mota itaanza kuyatoa meno ya transfa wakati mzigo wote umeyalalia. Labda yatakwaruzana tu. Labda yatatoka nusu na kubaki katikati, pale nilipopataja, ambapo hakuna gia iliyoshika. Nimeona magari mengi yanayotembea na uongo wa aina hii ndani yake: taa ya mifuko ya hewa iliyounganishwa na taa ya oili ili iwake na kuzimika pamoja nayo, kizuizi kilichochomekwa mahali pa sensa ya joto. Kila uongo ulimpatia mtu amani ya siku ile. Mwenye gari anayefuata hakuambiwa. Hilo linaniumiza kuliko ubovu wa kawaida, kwa sababu chuma kikichakaa hutoa mlio, lakini kompyuta iliyodanganywa hukaa kimya na taa zake zote zimetulia.

Yule binti alisema, kwa adabu, "Kaka, nikifanya hivyo nitakuwa nimeweka mkono wangu." Hakuongeza neno. Akatafuta swichi ndogo ya kanyagio, akaitengenezea kibati, akaifunga ili ifungike tu klachi inapofika chini kabisa, na waya uliokuwa unaning'inia akauleta mpaka hapo. Klachi ikikanyagwa, nguvu ya injini haifiki kwenye transfa, na kompyuta inaambiwa hivyo kwa ukweli. Ikiachiwa, inaambiwa vinginevyo, kwa ukweli pia. Alipima mara kadhaa kwa mkono kabla ya kuwasha gari. Kisha mzee mwenyewe akapanda, akasimamisha gari kabisa, akakanyaga klachi, akageuza. Taa ikapepesa na kupepesa, na nikaona uso wa mzee ukibadilika, mpaka binti alipomwambia aachie breki gari liserereke kidogo tu, kwa kuwa meno yamekutana ncha kwa ncha. Gari likasogea kama upana wa kiganja. Taa ikatulia.

Kisha yakaja malipo, na hapa mimi sina utulivu. Mota na kompyuta ambazo gari halikuzihitaji zilinunuliwa kwa bei iliyotajwa, bila kubishana. Kwa saa za kupima, za kuuliza na za kufuata nyaya, mzee aliomba apunguziwe, kisha akaomba tena. Simlaumu yeye peke yake. Mota inashikika, unaiona kwenye boksi lake, unaweza kuirudisha dukani au kumwonyesha jirani. Saa za kufikiri hazina boksi. Wengi wetu tumezoea kumlipa fundi kwa kitu alichokifunga, na fundi naye, kwa kuwa ana watoto wa kusomesha, amezoea kutafuta kitu cha kufunga. Kwa mwendo huo tunawafundisha vijana wenye akili nzuri kwamba kubahatisha kuna faida kuliko kupima. Binti yule angeweza kuagiza kompyuta nyingine, akaweka cha juu yake, akapata zaidi kuliko alichopata siku ile.

Nasema wazi ninachotaka. Gereji inayobadili injini iandike kwenye makisio yake, tangu mwanzo, kazi ya nyaya kama kazi inayojitegemea yenye bei yake. Kabla injini ya zamani haijatolewa, iorodheshwe kila habari ambayo injini hiyo na giaboksi yake zilikuwa zinaitoa kwa gari: mwendo, joto, N, taa ya kurudi nyuma. Kila moja ipewe jibu kwenye mpango mpya, au mwenye gari aambiwe kinagaubaga kwamba haitakuwapo. Na anayekwenda Sharjah kununua akubali kulipia na kubeba nyaya ambazo hazijakatwa, pamoja na kompyuta yake. Hivyo vyote havifiki uzito wa betri moja.

Wakakubaliana bei hatimaye; sijui kama binti aliridhika, lakini alipokea kwa mikono miwili. Kabla ya kukabidhi ufunguo akaomba karatasi ngumu. Akachora swichi, kompyuta ya transfa, mota na kanyagio la klachi, akaandika rangi ya kila waya aliougusa na mahali ulipoungwa, pini 6 na 14, omu 60, na ile ethi iliyokwanguliwa. Mzee akamuuliza ya nini yote hayo ilhali gari limepona.

"Swichi ya klachi itachakaa, baba. Na siku hiyo huenda nisiwepo."

Akaivika karatasi nailoni, akaiweka kwenye droo ya dashibodi pamoja na kadi ya gari. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, alikuwa ameandika: L4 IKIKATAA, ANZA NA SWICHI HII. USIFUNGE WAYA HUU ETHI MOJA KWA MOJA.